Oti ya Kipande cha Mtoni

Agosti 2, Jumamosi

Daftari hili nililinunua ili niandike saa za kunyonya za Lempi, maana muuguzi wa kliniki aliniuliza nikashindwa kukumbuka hata siku yenyewe ilikuwa ipi. Sasa Lempi ana miezi mitano na nusu, ananyonya anapotaka, na kurasa zimebaki nyingi. Nitaandika mavuno. Jarkko, mume wangu, huondoka na lori la magogo Jumapili jioni na kurudi Ijumaa, na akirudi huuliza nini kimetokea shambani. Mimi hukumbuka tu nani alilia.

Kilichotokea ni mvua. Siku kumi na moja mfululizo. Oti ya kipande cha mtoni, nafaka yetu ya uji, imelala kana kwamba kuna mtu kaikalia, na katikati yake gugu la sangari limeota bichi hadi magotini. Shina la kwanza linaiva, la pili ndiyo kwanza linachipua. Baba mkwe, mzee Taisto, alisimama ukingoni mikono nyuma. Nikamuuliza anaonaje.

"Naona maji," akasema.

Agosti 6

Mvua. Kerttu, mtoto wetu wa kwanza, kaanika soksi za nyumba nzima juu ya kombaini, mashine ya kuvunia, kwa sababu, anasema, ndicho kitu pekee hapa kisicholowa. Ana miaka minne na kasema kweli.

Agosti 9, Jumamosi

Shangazi Raili kaja kuoga sauna, bafu letu la mvuke, kama kila Jumamosi. Ni dada mdogo wa Taisto, mjane, anaishi ng'ambo ya daraja kwenye nusu ya pili ya ardhi ya baba yao. Shamba kila mtu ana lake, lakini kikausho cha nafaka ni kimoja, hapa uani kwetu, na mkataba wa kinu pia ni mmoja wenye majina mawili, maana nyumba moja peke yake haijazi shehena. Kinu hicho ni kiwanda cha unga wa uji wa watoto wachanga. Kinalipa vizuri na kina masharti.

Baada ya sauna tulikula viazi vipya na samaki wa chumvi. Raili akamshika Lempi, akamtazama kaka yake.

"Huyu mtoto ananuna kama wewe."

"Ana sababu," Taisto akasema. "Kaiona oti."

"Oti yangu ya kilimani imesimama wima."

"Ya kilimani hata mbuzi angeweza kuilima."

"Basi ungemwoa mbuzi, ungekuwa na chakula."

Nilicheka hadi maziwa yakanitoka.

Agosti 14

Mvua asubuhi. Mchana ukungu. Taisto kabana punje kwa ukucha wa kidole gumba: maji meupe yakatoka. Bado.

Agosti 17, Jumapili

Jarkko kaondoka. Kabla ya kuondoka yeye na baba yake walibishana juu ya mafuta ya kikausho. Nafaka mbichi hivyo itaunguza mafuta kwa wiki nzima, na sangari nayo itaziba kombaini. Taisto akasema zamani mambo haya yalikuwa na dawa yake. Jarkko akasema, "Zamani imepita, baba." Mimi ndiye ninayejaza kadi za mashamba kwenye kompyuta, kila kilichopandwa na kila kilichopuliziwa na tarehe yake, kwa hiyo nilijua ni dawa gani anayoizungumzia. Ukiipulizia nafaka inayoiva, kila kitu kinakufa pamoja, magugu na machipukizi, na shamba linakauka sawasawa. Sheria inakataza kufanya hivyo kwa nafaka ya chakula. Kinu kinakataza mara mbili. Dumu la dawa hiyo lililoko stoo ni la baada ya mavuno, kwa ajili ya magugu kwenye mabua matupu. Hapo inaruhusiwa.

Agosti 19, Jumanne

Kliniki mjini, mimi na watoto wote wawili. Lempi kilo saba na nusu. Muuguzi kasema sasa anaweza kuanza uji, kijiko kimoja kimoja. Nikanunua pakiti. Ni ya kinu chetu, ina picha ya kondoo. Kerttu akawaambia watu wote dukani kwamba babu yake ndiye anayeutengeneza.

Siku kavu ya kwanza, haina hata upepo. Tuliporudi saa kumi sauna ilikuwa inafuka moshi. Sauna siku ya Jumanne. Nikamuuliza Taisto nani amekufa.

"Mgongo unaniuma," akasema.

Agosti 20

Mvua tena. Lempi katema uji kwenye shati langu. Kijiko cha pili kameza.

Agosti 24, Jumapili

Niliwapeleka watoto matembezi kando ya mtaro wa kipande cha mtoni. Oti imeanza kukauka. Ningepaswa kufurahi. Lakini sangari nayo imekuwa rangi ya majani makavu, yote, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nyasi za ukingo wa mtaro zimekauka mstari ulionyooka, upana wa hatua moja. Baada ya mstari huo kila kitu ni kijani kibichi.

Nilimwonyesha Jarkko kabla hajaondoka. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama nyasi.

"Maji yamekaa sana," akasema. "Mizizi imeoza."

"Kwa mstari?"

"Saija, nimelala kwa saa nne tu. Mizizi imeoza."

Nimeamua kumwamini.

Agosti 27, Jumatano

Nimeshindwa kumwamini. Nilikwenda stoo Lempi akiwa amelala. Dumu lilikuwa limejaa wakati wa majira ya kuchipua, nililihesabu mimi mwenyewe kwa ajili ya kadi. Sasa naliinua kwa mkono mmoja.

Taisto alipulizia tarehe kumi na tisa, sisi tukiwa kliniki. Ndiyo maana alioga.

Nitamuuliza kesho.

Agosti 28

Lempi ana homa. Sikumuuliza.

Agosti 30, Jumamosi

Homa imeshuka. Raili kaja sauna, kaleta matunda ya msituni, karibu ndoo nzima. Taisto anachekacheka, kitu asichokifanya. Oti inakauka vizuri, kila mtu anasema, bahati iliyoje na mwaka wenyewe ulivyo. Nilikaa nao mezani. Jarkko hakunitazama.

Septemba 2, Jumanne

Taisto kavuna kipande cha mtoni. Kombaini ilipita bila kuziba hata mara moja.

Septemba 3, Jumatano

Nataka niandike hili kwa utaratibu.

Kikausho chetu ni mnara wa bati aliojenga baba wa Taisto na Raili. Hakifanyi kazi kikiwa nusu. Nafaka isipofika juu, hewa ya moto inatorokea pale penye nafasi na mafuta yanaungua bure. Kwa hiyo tangu enzi hizo, nyumba ikipungukiwa, nyumba ya pili inajalizia ya kwake juu, na oti ikikauka wanagawana kwa idadi ya matela. Hakuna anayeuliza punje ipi ni ya nani. Ndivyo ilivyo hapa, na ni jambo ambalo watu wa Raili na wa kwetu wanajivunia, kwamba miaka sitini hakujawahi kuwa na neno.

Ya mtoni haikufika juu. Ilipungua matela mawili. Asubuhi Taisto akampigia dada yake.

Niliposikia trekta darajani nilikuwa jikoni. Nikamchukua Lempi nikatoka, nikasimama kando ya shimo la kumwagia. Raili akarudisha tela kinyumenyume kwa mara moja tu, kama afanyavyo, akashuka.

"Nimekuleteeni ile ya kilimani," akasema. "Ningeweza kuvuna kwanza ya bondeni, lakini nikasema hapana, hawa wamehangaika mwaka huu, waonje kitu cha maana."

Alichota konzi moja akaninyooshea niione. Ilikuwa nzuri kweli. Nene, nyeupe. Lempi akanyoosha mkono kuishika.

"Unaona, anajua," Raili akasema. "Saija, una nini? Umekuwa mweupe kama karatasi."

Taisto alikuwa kwenye swichi. Alikuwa ananitazama. Nadhani wakati huohuo alijua kwamba ninajua.

"Sijalala," nikasema.

"Nani kalala," Raili akasema, na akafungua mlango wa tela.

Inachukua dakika tano hivi tela kumwagika. Dakika tano zote nilisimama pale. Maneno nilikuwa nayo. Si mengi: shangazi, subiri kidogo. Kwanza nikajiambia nitasema tela la kwanza likiisha, halafu nikajiambia atakaporudi na la pili. Kisha mashine ya kupandishia ikaanza kunguruma, punje zake zikapanda juu na za kwetu, na hakukuwa tena na kitu cha kusubiriwa.

Septemba 4

Kikausho kinanguruma. Nimechemsha uji wa Lempi nikaumwaga. Nikachemsha mwingine. Huu wa pakiti ni wa mavuno ya mwaka jana, najua. Nikaumwaga nao.

Septemba 6, Jumamosi

Nilimwambia Jarkko habari za dumu. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akaendelea kuzifunga hadi zikaisha.

"Unataka nifanye nini?"

"Kwanza useme kwamba umesikia."

"Nimesikia."

Akaenda kumsaidia baba yake kuvuna oti ya shamba letu la juu, ile isiyopuliziwa.

Septemba 9, Jumanne

Kinu kinataka kadi za mashamba na tamko: kwamba oti hii haikupuliziwa dawa ya kukaushia. Saini ni yangu, kwa niaba ya nyumba zote mbili, kwa sababu Raili hapendi kompyuta. Nilingoja hadi Kerttu akatoka nje kucheza. Taisto alikuwa anamenya kiazi.

"Baba," nikasema, "kipande cha mtoni. Tarehe kumi na tisa Agosti niandike nini?"

"Andika mvua."

"Siku ile haikunyesha."

Akaendelea kumenya. Ganda lilitoka lote bila kukatika, hapo akaweka kisu.

"Nani kakwambia?"

"Nyasi za mtaroni. Na dumu. Na sauna ya Jumanne."

"Jarkko kaoa polisi."

"Jarkko kaoa mpishi wa shule, baba. Nimepika chakula cha watoto wa watu miaka sita."

"Na umewapikia oti ya ng'ambo," akasema. "Unaijua hiyo? Inakuja kwa meli. Huko inakotoka wanaipulizia mchana kweupe, hakuna anayejificha. Inafika bandarini, serikali yetu inaipima, inasema mwisho ni miligramu ishirini kwa kilo. Ishirini, mkwe wangu. Chini ya hapo pita, kuleni. Ya kwetu haifiki hata nusu. Sasa wao ni wafanyabiashara na mimi ni mhalifu?"

"Ishirini ni ya nafaka ya watu wote. Uji wa mtoto mchanga ni sehemu moja ya mia ya miligramu moja."

"Mtoto gani kafa?"

"Sijasema kuna mtoto kafa."

"Basi?"

"Basi karatasi inauliza kama tulipulizia. Haiulizi kama kuna mtu kafa."

Hapo akanieleza mwaka wa themanini na saba. Nimeshausikia, lakini si hivi. Jinsi oti ilivyoota hukohuko masukeni, ikawa kijani upya, na yeye na marehemu mkewe wakaifukia kwa plau ndani ya tope, na majira ya baridi yale walikula viazi vya Raili. Alisema ukishafukia chakula chako mwenyewe ardhini hutarudi tena kuwa mtu yule yule. Nilimhurumia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kisha akasema, "Raili hajui. Na hana haja ya kujua."

Sikusaini. Sikukataa pia. Nilifunga kompyuta kwa sababu Lempi alilia.

Septemba 11

Korongo wamejaa kwenye mabua, mamia, wanajiandaa kuondoka. Mvua nyembamba.

Septemba 13, Jumamosi

Raili hakuja sauna, anavuna ya bondeni kabla mvua haijarudi. Jarkko na mimi tuligombana garini, ili watoto wasisikie, tukiwa tumeegesha uani kama watu wanaosubiri kitu.

"Ukisema, mkataba unakufa," akasema. "Si wetu tu. Na wa shangazi. Umefikiria hilo?"

"Nalifikiria kila siku."

"Baba ana miaka sitini na nane. Watamwita mhalifu mbele ya kijiji kizima."

"Na nikisaini, nani mhalifu?"

"Kinu wanachanganya na ya watu wengine mia. Haitaonekana, Saija. Itayeyuka."

"Unajua unachosema?"

Akaweka kipaji cha uso kwenye usukani. "Najua," akasema. "Niambie tu kwamba na wewe unajua utakachotuletea."

Septemba 16, Jumanne

Kinu hutaka sampuli kwa posta kabla lori halijaja, na kila mkulima huijaza mwenyewe. Leo nimemkuta Taisto akijaza mfuko. Alikuwa anachota kutoka ghala la oti ya juu, ile safi, na kwenye kibandiko ameandika namba ya ghala la mchanganyiko wa mtoni na kilimani.

Hakushtuka. Akafunga mfuko, akaulamba mdomo wa bahasha, akaipiga ngumi ikashika. Lori linakuja keshokutwa, na tamko bado sijalisaini.

Ningeweza kumsamehe dawa. Aliogopa, na mtu mwenye hofu hufanya mambo. Lakini mfuko ule hakuujaza kwa hofu. Aliujaza kwa kichwa kilichotulia, Lempi akiwa mikononi mwangu mlangoni anamwonyesha jino lake la kwanza.

Septemba 17, Jumatano

Nimepiga simu kinuni. Mnunuzi wetu anaitwa Pohto, mtu mpole, huwa anauliza habari za watoto kabla ya oti. Leo nilisema kabla hajauliza.

Akaanza kuuliza kwa sauti nyingine, ya mtu anayeandika.

"Kipande gani?"

"Cha mtoni. Tarehe kumi na tisa Agosti."

"Na sampuli iliyo njiani?"

"Siyo ya ghala hilo."

"Kuna nafaka ya mtu mwingine humo?"

"Ipo. Ya Raili. Yake ni safi."

"Ilikuwa safi," akasema.

Baadaye nikaenda kumwambia Taisto mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka ajue kwa lori lisilokuja. Alikuwa anapaka kombaini mafuta. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akapita mbele yangu kama mtu apitavyo mbele ya nguzo.

Septemba 18

Lori halikuja. Saa sita Raili akapiga simu kuuliza. Taisto alichukua simu, akatoka nayo nje, na kutoka dirishani niliona akisema maneno machache tu. Kisha akaondoa simu sikioni, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umeshakata.

Septemba 20, Jumamosi

Sauna haikuwashwa.

Septemba 23, Jumanne

Pohto kaja, na mwanamke kutoka mamlaka ya chakula mwenye buti mpya. Walichukua sampuli ghalani kwa bomba refu, juu, katikati, chini. Yule mwanamke alisema asante kila alipopewa kitu. Raili alikuwepo. Alisimama upande wake wa uwanja, na Taisto upande wake, na mnara wao katikati.

Walipoondoka Raili alinifuata jikoni. Nilidhani amekuja kunitukana. Akanikumbatia, na Lempi katikati yetu akibanwa.

"Katika nyumba hii mtu ni wewe tu," akasema. "Ungenyamaza nisingejua hadi nakufa."

Nilimpa kahawa.

Septemba 27

Raili kaleta mkate mweusi wa nafaka ya rai na soksi za sufu za Lempi. Hakuingia alipo kaka yake. Alikaa na mimi ngazini. Kila jambo jema analonitendea nalihesabu kama deni.

Septemba 30

Baridi kali asubuhi, mabua meupe. Jarkko kapiga simu kutoka njiani, akaniachia nisikie injini ya lori, hakukata.

Oktoba 3, Ijumaa

Majibu. Miligramu tatu nukta moja kwa kilo.

Taisto kasoma barua akiwa amesimama. "Tatu," akasema. Akavaa kofia akaenda dukani, na huko, nasikia, akaiweka barua kwenye meza ya kahawa mbele ya wanaume. Tatu, na mwisho wa serikali ni ishirini. Anayo haki ya kusema hivyo, ni kweli tupu. Jioni mke wa mwenye duka alinipimia nyama ya kusaga bila kunijibu salamu. Sasa kijijini mimi ndiye niliyewaangusha wazee wawili kwa oti ambayo hata serikali yenyewe ingeila.

Hakuna aliyesoma ukurasa wa pili. Kwa uji wa watoto ni mara mia tatu na kumi ya kinachoruhusiwa. Na ukurasa wa tatu unasema dawa yenyewe ilikuwa marufuku, iwe tatu iwe sifuri. Kinu kimefuta majina yote mawili. Oti ya ghala la mchanganyiko itapelekwa kwenye tanuri la mji linalopasha nyumba joto, ikachomwe. Ya bondeni na ya juu itauzwa chakula cha nguruwe, kama kuna atakayeitaka.

Oktoba 8, Jumatano

Mamlaka wameleta fomu. Taisto ana ya kwake, mimi nina ya kwangu, kwa sababu kadi ziko kwa jina langu. Maswali mengi ni mepesi. Swali la tisa: mtunza kumbukumbu alibaini lini matumizi ya dawa? Chini, kwa herufi ndogo: nakala itatumwa kwa wahusika wote wa mkataba.

Oktoba 10, Ijumaa

Jarkko kaisoma fomu akiwa bado na koti.

"Weka tarehe tisa Septemba," akasema. "Siku baba alipokiri. Ni kweli vilevile, kabla ya hapo ulikuwa unadhani tu."

"Niliinua dumu tarehe ishirini na saba Agosti. Nilijua."

"Hakuna aliyekuona ukiinua dumu."

"Jarkko, nilisimama pale shangazi akimwaga."

"Ndiyo maana nasema." Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tumepoteza kila mtu. Amebaki shangazi tu. Anakupenda, anawapenda watoto. Kwa nini umpe na hili? Litamsaidia nini?"

Nimefikiri jioni nzima, nikinyonyesha. Halimsaidii kitu. Oti yake haitarudi. Lakini nilipoandika tarehe tisa kwa penseli, kuona tu inavyokaa, ilikaa vizuri mno. Ilikaa kama namba ya Taisto kwenye mfuko ule. Nikaifuta, nikaandika ishirini na saba Agosti kwa kalamu.

Nakala itachukua siku tatu hivi kumfikia Raili. Nitakwenda kwake kabla haijafika.

Oktoba 11, Jumamosi

Nilikwenda na Lempi peke yake, kwa miguu, kupitia darajani. Maji ya mto yamejaa, rangi ya chai ya maziwa. Raili alikuwa anapika supu ya samaki. Akamvua Lempi kofia, akamkalisha mapajani, akampa kijiko cha mbao agonge meza.

Nilisema nikiwa nimesimama. "Shangazi, kuna fomu itakufikia. Nataka usikie kwangu kwanza. Nilijua kabla hujaleta matela."

Lempi aligonga meza. Raili akashika kijiko, taratibu, akakilaza.

"Kabla kwa muda gani?"

"Wiki moja."

"Kwa hiyo siku ile uani."

"Nilijua."

"Nilikuonyesha oti mkononi."

"Ndiyo."

Alitazama dirishani, upande wa kilimani, ambako sasa ni mabua tu. Supu ikachemka ikamwagika, mimi nikaisogeza kutoka motoni kwa sababu yeye hakunyanyuka.

"Taisto ni kaka yangu," akasema mwishowe. "Namjua tangu utotoni. Akiogopa huficha, baba yetu alikuwa hivyohivyo. Sikuwahi kuweka tumaini lolote juu yake, kwa hiyo hakuna alichokiangusha. Juu yako niliweka."

"Najua, shangazi."

"Neno moja tu, Saija. Ningefunga mlango wa tela."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nilipofika pale nikaona ningekuwa namwomba tena anipe kitu.

Akamvalisha Lempi kofia, akafunga kamba chini ya kidevu, si ya kukaza, akapitisha kidole kuhakikisha haimbani. Kisha akanirudishia mtoto kwa mikono yote miwili, hadi akawa na hakika nimemshika.

"Nendeni," akasema. "Kuna barafu darajani."